Mganga kwenye tarumbeta: Kiswahili ndani ya santuri za jazi

Santuri ya mpiga piano wa jazi wa Marekani, Herbie Hancock, iitwayo Mwandishi ilitoka mwaka 1971. Mpiga tarumbeta wake ni Eddie Henderson, na pamoja na jina lake la kuzaliwa alikuwa na jina la Kiswahili: Mganga. Niliposoma hivyo mara ya kwanza niliiweka sindano pembeni nikakaa kufikiri. Henderson alikuwa daktari wa kweli, aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard na kuhitimu 1968, akatibu wagonjwa San Francisco huku usiku akipiga tarumbeta. Waandishi wa kigeni husema jina hilo lina maana ya daktari, wakaendelea na mengine. Lakini sisi tunajua kwamba mganga ni neno lenye milango miwili. Kwenye kibao cha ofisi ameandikwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na huyo ana shahada ukutani. Mtaa wa pili kuna mganga mwenye kibuyu na chetezo. Ukiisikiliza tarumbeta ya Henderson inavyoingia kwenye mwangwi na kupotea, utajiuliza ni yupi kati ya hao wawili anayepuliza.

Swali hilo ndilo lililonifanya mkusanyaji. Nina santuri za jazi za namna nyingi, ila rafu ninayoijali kuliko zote ni moja fupi: santuri ambazo Wamarekani weusi waliweka Kiswahili, au majina ya nchi zetu na watu wetu, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkusanyaji asiye na uzi wa kufuata hununua lundo. Mwenye uzi hununua chache, na kila moja humfungulia nyingine. Na uzi huu una faida ambayo hakuna mkusanyaji wa Tokyo au London anayeweza kuinunua: sisi tunaelewa maneno.

Niseme kwanza neno moja kuhusu jazi yenyewe, maana nyumbani lilinichanganya. Mjomba wangu aliposikia nakusanya jazi alifurahi sana, akaniletea Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Ni muziki mtamu, nami nimeutunza, lakini hiyo ni dansi: magitaa yanayojibizana, rumba, mashairi ya mapenzi na mawaidha. Bendi zetu zilichukua jina la jazi kwa sababu lilimaanisha muziki wa kisasa wa mjini wenye ala za kupuliza. Jazi ninayoieleza hapa ni ile ya Marekani, ambayo mpigaji huchukua wimbo mfupi, akaufungua, akautungia mengine papo hapo mbele ya wenzake, kisha akaurudisha.

Kituo cha kwanza kwenye rafu yangu ni kikao cha 1958 cha kampuni ya Savoy, mpiga tarumbeta Wilbur Harden na mpiga saksafoni John Coltrane, kilichotoa santuri iitwayo Tanganyika Strut. Ni muziki mzuri wa wakati wake. Usitegemee kuisikia Tanganyika ndani yake. Nchi bado ilikuwa chini ya Mwingereza, na kwa wale vijana jina lilikuwa ishara kutoka mbali. Ninaipenda kwa hilo tu: kwamba walilitaja.

Ya pili ndiyo uti wa mgongo. Novemba 1960, mpiga piano Randy Weston, kijana wa Brooklyn mwenye urefu wa kushangaza, aliingia studio New York na kundi la watu zaidi ya ishirini kurekodi Uhuru Afrika. Mpangaji wa muziki alikuwa Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, na kwangu yeye ni mmoja wa wapangaji bora kabisa wa jazi. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Kwenye ngoma alikuwapo Babatunde Olatunji wa Nigeria, na Candido na Armando Peraza wa Cuba. Huo ulikuwa mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Na anayefungua santuri si mwimbaji. Ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anayelighani shairi la Hughes kwa Kiswahili juu ya ngoma.

Fikiria tarehe hizo. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961. Sanga alisimama mbele ya kipaza sauti New York mwaka mzima na ushei kabla ya bendera kupandishwa, akisema uhuru kwa lugha ambayo wengi waliokuwa chumbani hawakuielewa. Ukilisikia jina Sanga unajua mara moja ni mtu wa Nyanda za Juu Kusini. Kiswahili chake si cha mwambao. Ni Kiswahili cha shule na cha mikutano, kila silabi imesimama wima. Mama yangu mzazi aliposikia akiwa jikoni alidhani nimefungulia redio ya zamani, akaja kusimama mlangoni hadi upande wa kwanza ulipokwisha. Sijawahi kuona tena mtu asiyejali jazi akishikwa hivyo.

Santuri hiyo ina sehemu nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu, na Kucheza Blues. Nimewahi kusoma mtu akidai kwamba jina la mwisho ni Kiswahili kibovu, maneno mawili yaliyogonganishwa. Si kweli hata kidogo. Tunasema kucheza ngoma, kucheza rumba, kucheza twisti. Kitenzi chetu hakihitaji kiunganishi hapo, na Weston, kwa msaada wa yeyote aliyemshauri, alilipata sawasawa. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku santuri hii mwaka 1964, jambo linaloonyesha kwamba Pretoria nao walisikiliza kwa makini.

Tarehe 15 Februari 1964, miezi miwili baada ya uhuru wa Kenya, mpiga tarumbeta Lee Morgan alirekodi wimbo Mr. Kenyatta kwenye studio ya fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey. Jomo Kenyatta alikuwa bado waziri mkuu, urais ulikuja Desemba ile. Wimbo umo kwenye Search for the New Land, iliyokaa kabatini hadi 1966, na una mwendo wa mtu anayetembea akijua anatazamwa. Gitaa la Grant Green humo linatosha kununulia santuri nzima.

Hapa nifungue dirisha dogo la ufundi, kwa sababu Search for the New Land ni ya kampuni ya Blue Note, na Blue Note ndiyo inayowatesa wakusanyaji. Ukiishika santuri ya zamani, usiamini jalada peke yake. Tazama ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, uigeuze chini ya taa. Pale mafundi waliacha alama zao. Jina la Van Gelder, au herufi RVG, lina maana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekata sahani ya asili. Ukikuta pia alama ndogo iliyochorwa kama sikio, hiyo ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichowakandamizia Blue Note santuri hadi kampuni ilipouzwa kwa Liberty katikati ya miaka ya 1960. Sikio hilo dogo linaweza kuzidisha bei mara nyingi sana. Je, sauti nayo huzidi hivyo? Kwa sikio langu, nakala safi bila ile alama hushinda nakala yenye alama iliyokwaruzwa, na sitabadili kauli hiyo. Niliwahi kulipa fedha ya miezi miwili kwa nakala ambayo muuzaji wa ng'ambo aliieleza kuwa safi. Ilifika ikikaanga kama mafuta kwenye karai, besi haisikiki. Tangu siku ile naomba picha ya santuri yenyewe chini ya taa kali, na asiyetaka kuipiga namshukuru na kuondoka.

Turudi kwenye maneno. Mwaka 1966 Maulana Karenga, kiongozi wa Us, kundi la Wamarekani weusi kule Los Angeles, alianzisha sikukuu yao ya Kwanzaa, akaiita falsafa yake Kawaida, yenye Nguzo Saba: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Kwetu jambo la kawaida ni lile lisilo na la kuongeza. Lakini neno hilo hilo lina maana ya desturi, na hapo ndipo Karenga alipolishika: watu walionyang'anywa desturi zao wakitafuta kuzijenga upya. Kijana mmoja wa kundi hilo alikuwa James Mtume, mpiga ngoma, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Desemba 1969 Mtume aliingia studio pamoja na baba yake na baba yake mdogo, Albert Heath, aliyekuwa amejiita Kuumba. Hancock alikuwa kwenye piano, na Don Cherry kwenye tarumbeta. Santuri ikaitwa Kawaida, na ndani yake kuna Baraka, Maulana, Dunia, Kamili. Katika mzunguko huo wa watu Mtume akawapa wenzake majina ya Kiswahili, naye Hancock akawa Mwandishi.

Mwaka 1971 nao mpiga saksafoni Gary Bartz alitoa mbili kwa mfululizo, Taifa na Uhuru, Andy Bey akiimba. Nawaambia wanaoanza wazitafute hizi mapema, kwa sababu zina sauti ya mtu wa kushikamana naye.

Santuri ya Mwandishi yenyewe ilirekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970. Upande wa kwanza unafungua na Ostinato, kwa ajili ya mwanaharakati Angela Davis, aliyekuwa mahabusu wakati ule. Huu usiusikilize ukiwa unafanya kazi nyingine. Kaa, uhesabu kwa kidole: nane, kisha saba, tena nane, kisha saba. Mapigo 15, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi kidogo anayetembea kwa fahari. Baada ya mizunguko kumi hivi utaacha kuhesabu na mwili utahesabu wenyewe. Wapiga drams ni wawili, Billy Hart aliyeitwa Jabali na kijana Leon Chancler aliyeitwa Ndugu. Huku kwetu, miaka ile ile, Ndugu ndiyo ilikuwa salamu ya kila mkutano na kila barua ya serikali.

Utunzaji nitausema kwa ufupi, kwa sababu naulizwa sana na wasomaji wa Tanga na Mombasa. Adui wa mwambao ni unyevu na chumvi, kabla ya vumbi. Simamisha santuri kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, zitapinda. Toa ile karatasi ya ndani ya zamani iliyoota madoa ya ukungu, weka mpya, na jalada lipate hewa mara moja kwa mwezi. Zioshe kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, siyo ya bomba. Sindano iliyochakaa ndiyo inayoua santuri kuliko mikono ya watoto, na uzito wake upimwe. Mashine nyingi za kisasa zinahitaji gramu moja na nusu hadi mbili. Watu huweka sarafu juu ya kichwa cha sindano isiruke. Tafadhali msifanye hivyo. Kila mzunguko unakwangua mifereji, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Sasa geuza Mwandishi upande wa pili. Kuna wimbo mmoja tu, Wandering Spirit Song, zaidi ya dakika 20, uliotungwa na mpiga tromboni Julian Priester. Jina lake la Kiswahili lilikuwa Pepo Mtoto. Pembeni yake yuko Bennie Maupin na klarineti yake ya besi, aliyeitwa Mwile, ambalo kwetu ni mwili. Wa tatu ni Henderson, Mganga. Nilikuwa nimeisikiliza santuri hii kwa miaka kabla sijayasoma majina hayo matatu kwa mfululizo, kama sentensi. Mwili, pepo, mganga. Mwambao wote unaijua hiyo: mtu aliyepandwa na pepo, mganga aliyeitwa, na ngoma inayopigwa usiku kucha hadi pepo aseme anataka nini. Pepo anayetangatanga ndiye aliyetunga wimbo, mwili unamjibu kwa sauti nzito kutoka chini, na mganga anakuja na tarumbeta, huku Jabali akiwa kwenye ngoma. Sidhani kama Mtume alipanga iwe hivyo. Majina yaligawiwa kwa tabia za watu, mmoja mmoja. Lakini zima taa, weka sindano, na usikilize hizo ala tatu za kupuliza zikizungukana, hadi pale pepo anapoanza kusema.