Mche wa nyanya haudekezwi

Kitalu changu cha kwanza cha nyanya kilikufa ndani ya siku tatu, na wakati huo nilikuwa nakimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Jirani mzee alikuja kutazama, akang'oa mche mmoja na kunionyesha shingo yake. Pale shina linapotokeza ardhini palikuwa pamesinyaa kama uzi uliolowa. "Mwanangu, umeizamisha hii," akasema. Mimi nilidhani naitunza.

Tangu siku hiyo nasikiliza kwa makini watu wanavyozungumzia miche, na naona makosa yetu mengi yana ukoo mmoja: huruma iliyopitiliza. Maji ya ziada, mbolea ya ziada, kivuli cha ziada, siku za ziada kitaluni. Nitaanza na lile lililonigharimu.

"Mche mchanga unataka maji mengi"

Ugonjwa ulioua miche yangu ni kinyausi. Vimelea wanaouleta wako kadhaa, na wanaojulikana zaidi ni Pythium na Rhizoctonia. Huyo wa kwanza ukimwelewa, nusu ya elimu ya kitalu umeipata. Anafanana na ukungu, lakini maisha yake ni ya majini: hutoa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea katika maji yaliyo kati ya chembe za udongo, vikitafuta mzizi laini wa kuingilia. Udongo ukishinda chepechepe, umemfungulia njia hadi kwenye kila mche. Ndiyo maana kinyausi huanza kama kiraka kidogo, kesho kimekuwa duara, keshokutwa tuta lote limelala.

Ukweli ni kwamba maji mengi yanahitajika kipindi kimoja tu, kabla mbegu haijachomoza, na hata hapo maana yake ni unyevu usiokatika, si dimbwi. Tandaza nyasi kavu juu ya tuta, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, na kuanzia siku ya tano chungulia kila asubuhi. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, nyanya huchomoza kati ya siku 5 na 10. Zikianza kutokeza, nyasi ziondolewe siku hiyohiyo. Baada ya hapo mwagilia asubuhi, na usirudie mpaka uso wa udongo uanze kukauka. Chomeka kidole hadi pingili ya kwanza. Kama chini bado kuna ubichi, weka keni chini. Maji ya jioni hulaza majani yakiwa yamelowa usiku kucha, na magonjwa ya ukungu hayaombi zaidi ya hapo.

Mche ulioanguka hauinuki. Uondoe pamoja na udongo wake, punguza maji, fungua kivuli hewa ipite. Dawa ya ukungu huilinda iliyosimama, haifufui.

"Ukisia mbegu nyingi, nyingine zikifa zitabaki"

Hesabu hii huwa inageuka. Zikisongamana, hewa haipiti, unyevu haukauki, na kinyausi kinahama kutoka mche hadi mche bila kuvuka nafasi yoyote. Sia kwa mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kina cha sentimita moja, kisha punguzia mpaka kati ya mche na mche zibaki sentimita 3 hadi 5. Kupunguzia kunauma roho, najua. Mbegu chotara, zile zinazotokana na kuchanganya aina mbili, zina bei.

Lakini tuipige hesabu hiyo bei. Gramu moja ya mbegu ya nyanya ina mbegu zipatazo 250 hadi 350. Ekari moja yenye nafasi ya sentimita 75 kwa 50 inabeba miche kama 10,800. Kwa mbegu inayoota vizuri, gramu 50 zinatosha na kusaza. Anayetupa mbegu kwa viganja kitaluni anatupa fedha yake mwenyewe.

"Huu umerefuka haraka, ndio wenye afya"

Hapa ndipo wanunuzi wa miche wanapodanganyika zaidi. Mche mrefu, mwembamba, wenye rangi ya kijani kilichofifia, ni mche unaotafuta mwanga. Ama kivuli kimezidi, ama majirani wanaubana, nao unatumia akiba yake yote kujivuta juu badala ya kunenepa. Mche mzuri ni mfupi kiasi, sentimita 10 hadi 15, shina nene, majani halisi manne hadi sita. Majani mawili ya kwanza kabisa, yale membamba, ni ya mbegu; hayahesabiwi.

Ukishajikuta na miche mirefu, usiitupe. Shina la nyanya lina uwezo wa kuotesha mizizi popote linapogusa udongo wenye unyevu, kwa hiyo ondoa majani ya chini na uifukie shina hadi karibu na majani yanayofuata. Usifanye hivyo kwa mche uliounganishwa, yaani kikonyo cha aina moja kilichoungwa juu ya shina la aina nyingine: pale palipoungwa pabaki juu ya udongo, la sivyo sehemu ya juu itaota mizizi yake na faida ya shina la chini itapotea.

Jamaa yake dhana hii ni ile ya kwamba upepo ni adui wa miche. Upepo mkali ndiyo, unavunja. Upepo mwanana unaotikisa miche kidogo huifanya iwe mifupi na minene zaidi, na wakulima wa kwenye mabanda ya nailoni huiga jambo hilo kwa kuipitishia kijiti au mkono taratibu kila siku, majani yakiwa makavu. Mara ya kwanza niliposikia nilicheka. Nikajaribu kwenye trei mbili, moja nikaipapasa na moja nikaiacha, na baada ya wiki mbili sikucheka tena.

Mikono yenyewe iwe safi, hasa ya mvutaji wa sigara au mtumiaji wa ugoro. Kirusi cha batobato ya tumbaku hukaa ndani ya tumbaku iliyokaushwa na huhamia kwenye nyanya kwa kuguswa tu. Sabuni na maji kwanza.

"Weka urea kidogo ichangamke"

Itachangamka, kweli. Itakuwa ya kijani kibichi, laini, iliyojaa maji, na jua la kwanza la shambani litaikunja. Samadi mbichi ya kuku ni mbaya zaidi, maana inaunguza mizizi. Udongo uliochanganywa na mboji au samadi iliyoiva vizuri unatosha kwa muda wote wa kitalu.

Kuna dalili moja inayowapeleka watu dukani bure. Miezi ya Juni na Julai huko Lushoto au Njombe, chini ya majani hutokea rangi ya zambarau. Wengi hununua dawa ya ugonjwa. Mara nyingi mche unakosa fosforasi, na si lazima udongo uwe hauna. Ni kwamba udongo wa baridi huufanya mzizi ushindwe kuifyonza. Joto likirudi, majani mapya hutoka ya kijani.

"Nimefunika kwa chandarua, wadudu hawaingii"

Inategemea mdudu gani. Nondo wa kantangaze, ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, na aliyeonekana Tanzania mwaka 2014, ana urefu wa milimita 5 hadi 7, na chandarua cha mbu kinaweza kumzuia. Inzi mweupe ana milimita moja hivi. Kwake chandarua hicho ni mlango wazi. Naye ndiye anayeleta kirusi kinachofanya majani yageuke manjano na kujikunja, ambacho hakina dawa, na mche ukiambukizwa ungali mdogo unaweza usizae kitu. Kitalu kinahitaji neti maalumu yenye matundu madogo sana, na ifunikwe siku ya kusia, isingoje inzi waonekane.

Mengine kwa haraka. Kuloweka mbegu usiku kucha: mbegu za paketi zilizopakwa rangi zina dawa, ukiziloweka umeiosha, zisie kavu. Kuchoma takataka juu ya tuta: kunasaidia sentimita chache za juu tu, na majivu mengi huharibu uwiano wa udongo. Muhimu zaidi, usiweke kitalu palipokuwa na nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo au tumbaku, kwa kuwa ni ukoo mmoja na maradhi yao ni ya ukoo. Mbegu za nyanya ya sokoni: kama ni ya kawaida, mfano Tanya au Tengeru 97, unaweza kuzihifadhi, kama ni chotara, kizazi cha pili kitatoka mchanganyiko na hutajua unavuna nini.

"Acha ikae kitaluni ikomae"

Mche ulioanza kutoa maua kitaluni umechelewa, haujawahi. Mizizi imejisokota, na ukiuhamisha utasimama wiki nzima ukijiuliza uko wapi. Sehemu za joto hamisha wiki ya tatu hadi ya nne. Nyanda za juu zenye baridi, ya tano hadi ya sita.

Kukomaza kunafanywa kwa njia nyingine. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, ondoa kivuli polepole mpaka miche ishinde juani, na punguza maji mpaka ilegee kidogo adhuhuri. Samaki mkunje angali mbichi. Siku ya kuhamisha, lowanisha kitalu saa chache kabla ili miche itoke na udongo wake, ishike kwa jani na si kwa shina, na upande jua likishapoa. Jioni hiyo mwagilia bila ubahili. Kesho yake mchana majani yatalegea. Yakisimama tena jua likizama, mche umeshika.