Kihariri Kipi kwenye Linux? Anza na Kile Utakachokikuta kwenye Seva

Kila ninapomfundisha mtu mpya kazi ya kusimamia seva za Linux, swali linalotangulia mengine yote, hata lile la usalama, ni hili: nitumie kihariri kipi, yaani programu ipi ya kuandikia na kubadilisha maandishi ya mafaili? Nami humuuliza kwanza faili analotaka kulihariri liko wapi. Anayeandika programu akiwa mezani kwake, mbele ya kompyuta yenye madirisha na kipanya, ana hiari kubwa. Anayeingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuiendesha mashine ukiwa mbali, saa nane za usiku, huduma imesimama na watu wanasubiri, hukuta skrini nyeusi na mstari wa amri tu, na hapo kihariri bora ni kile ambacho tayari kipo na ambacho vidole vyake vimekizoea.

Kwenye Debian na Ubuntu, aina mbili za Linux ninazozitumia kila siku, kihariri hicho kwa kawaida ni nano. Chris Allegretta alikianzisha mwaka 1999 kiwe mbadala huria wa Pico, kihariri kilichokuja pamoja na programu ya barua pepe ya Pine kutoka Chuo Kikuu cha Washington. Uzuri wake ni kwamba amri muhimu zimeandikwa katika mistari miwili ya chini ya skrini. Hata hivyo, alama ya kikofia, ^, inayotangulia kila herufi hapo chini huwakwamisha wageni wengi. Nimewaona wanafunzi wakibonyeza Shift na 6, kisha X, na kikofia kikaandikwa katikati ya faili la mipangilio. Alama hiyo inasimama badala ya kitufe cha Ctrl: Ctrl na O huhifadhi, Ctrl na W hutafuta neno, Ctrl na X hutoka. Mtu akishika hayo matatu, anaweza kufanya kazi siku hiyo hiyo.

Kihariri kingine, Vim, kinataka subira zaidi. Asili yake ni vi, kilichoandikwa na Bill Joy mwaka 1976, na Mholanzi Bram Moolenaar ndiye aliyekitoa Vim kwa umma mwaka 1991. Ukikifungua, vitufe vya herufi huwa ni amri. Huandiki chochote mpaka ubonyeze i, na ukimaliza unabonyeza Esc, kisha unaandika :wq ili kuhifadhi na kutoka, au :q! ili kutoka bila kuhifadhi. Asiyejua hilo huona mistari yake ikifutika mbele ya macho yake, akaogopa, na mara nyingi hakirudii tena. Ni hasara, kwa sababu mtu aliyekizoea hubadilisha neno moja katika faili la maelfu ya mistari kwa amri moja fupi.

Kwenye Ubuntu, tatizo huanza hata kabla ya hapo. Toleo linalokuja na mfumo ni vim-tiny, lililopunguzwa sana, na ukibonyeza vitufe vya mishale wakati unaandika, huenda herufi A, B, C na D zikajitokeza kwenye maandishi badala ya kishale kusogea. Wengine hudhani kibodi imeharibika. Dawa yake ni kuandika sudo apt update, kisha sudo apt install vim; sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, na apt ndiyo inayopakua na kuweka programu. Kwa kompyuta ya mezani, mimi huweka vim-gtk3, kwa kuwa hicho kinaweza kunakili maandishi kwenda na kutoka programu nyingine kama kivinjari. Kabla hujakubali, apt hukuonyesha ukubwa wa kile kitakachopakuliwa na nafasi kitakayochukua kwenye diski. Usome mstari huo, hasa ukiwa unatumia bando la simu.

Fungua Vim bila kutaja faili, na huenda ukaona katikati ya skrini ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa nchi hiyo, na baadaye akaamua kwamba kihariri chake kitumike na kunakiliwa bure, ila anayekipenda ahimizwe kuwachangia watoto wa huko. Andika :help uganda uone maelezo yake. Alifariki Agosti 2023, na toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, limetolewa kwa heshima yake. Huwa nawaomba wanafunzi wangu wausome ukurasa huo wote, kwa sababu watoto wanaotajwa humo ni wa jirani zetu.

Emacs, ambacho Richard Stallman alikitoa chini ya mradi wa GNU mwaka 1985, ni mazingira kamili ya kazi, na anayekitaka kwenye terminali, yaani skrini ya mstari wa amri, peke yake aweke emacs-nox. Kwa wanaoandika programu mezani, VS Code, kihariri cha Microsoft chenye madirisha, ni chaguo zuri. Anayejali leseni atazame VSCodium, inayotokana na msimbo huo huo lakini kwa leseni huria.

Ukishachagua, uambie mfumo. Amri sudo update-alternatives --config editor hukupa orodha ya vihariri vilivyopo ili uchague kimoja kwa namba. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kuna mafaili yasiyopaswa kufunguliwa moja kwa moja. Miaka kadhaa iliyopita nililihariri /etc/sudoers, faili linaloamua nani anaruhusiwa kutumia sudo, kwa nano kwenye seva ya mteja mmoja, nikaacha kosa la herufi moja, nikahifadhi. Amri iliyofuata ya sudo ilikataa, na akaunti ya root, ile ya msimamizi mkuu, haikuwa na nywila, ikabidi nisafiri hadi ilipo mashine hiyo niiwashe kwa hali ya uokoaji. Faili hilo hufunguliwa kwa sudo visudo. Amri hiyo hutumia kihariri ulichokichagua, ila hukagua maandishi kabla ya kuyaweka mahali pake. Ikikuta kosa hukutajia mstari wenye kosa na kukuuliza ufanyeje, nawe unabonyeza e ili urudi ukasahihishe.