"Nimepima, mzigo uko safi" na dhana nyingine kuhusu karatasi za fentanili

Katika kazi hii ya kugawa karatasi za kupimia fentanili, dawa kali ya jamii ya afyuni inayochanganywa kwenye dawa za kulevya, hakuna kauli inayonichosha kama "nimepima, mzigo uko safi." Karatasi haipimi mzigo. Inapima maji uliyoichovya, na maji yana kile tu ulichoyeyusha. Fentanili haitawanyiki sawasawa kwenye unga. Upande mmoja wa kete unaweza kukosa kabisa, upande wa pili ukawa na kiasi cha kumkata mtu pumzi. Ukichota chembe kwa ncha ya kisu, majibu ni ya chembe ile, nayo umeshaimwaga! Ndiyo maana siachi kusema: yeyusha dozi yote unayokusudia kutumia. Anayejidunga ana kazi ndogo, kwani dozi nzima imeshayeyuka kijikoni. Mabaki yakiongezwa maji yanatosha kupimwa kabla sindano haijaingia mwilini.

Na hata ukipima vizuri hivyo, nitazini (dawa nyingine kali za jamii ya afyuni) na zailazini (dawa ya kutuliza wanyama) zinapita bila kuonekana, kwa sababu karatasi haikuundwa kuzitambua. Majibu hasi hayamruhusu mtu kutumia peke yake mlango ukiwa umefungwa, wala kuiacha naloksoni, dawa ya kumrudisha aliyezidisha dozi, nyumbani.

"Mistari miwili ndiyo ina sumu." Kinyume chake. Mmoja: fentanili ipo. Miwili: haikuonekana, hata kama wa pili ni hafifu. Sahau kipimo cha mimba.

"Methamfetamini yangu imeonyesha fentanili." Huenda ni kweli, huenda maji yalikuwa machache. Methamfetamini nzito, na ekstasi pia, huidanganya karatasi. Kwa miligramu 10 weka maji kijiko kizima cha chai. Dawa nyingine nusu kijiko inatosha.

"Karatasi zinachochea matumizi." Hili huja na viongozi, mara chache na watumiaji. Marekani iliruhusu fedha za serikali kuu kuzinunua mnamo Aprili 2021, lakini bado naulizwa. Aliyeshika kete mkononi hakungoja karatasi ili aanze. Akiona mstari mmoja, wengine hupunguza dozi, wengine humwita mwenzao akae karibu.

"Heroini yote siku hizi ina fentanili, tunapima nini?" Kwa heroini hoja hiyo ina uzito kiasi. Ila mtumiaji wa kokeini au vidonge vya mtaani, ambaye mwili wake haujazoea dawa za jamii ya afyuni, huuawa na kiasi ambacho mraibu wa heroini angekihimili. Programu ikiwa na karatasi chache, hao wapewe kwanza, pamoja na naloksoni.