Kusafisha throto bodi na njia ya petroli nyumbani: maelezo ya fundi wa Mbeya

Kila mwaka ikifika Juni na Julai, baridi inapobana Mbeya na ukungu ukakaa juu ya mlima Loleza mpaka saa tatu asubuhi, magari yanayoletwa kwangu kwa lalamiko moja huongezeka: gari linawaka kwa shida asubuhi, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga pedali) inapanda na kushuka, na likisimama kwenye foleni ya Mafiati linazima lenyewe. Wengi wa wenye magari hayo huwa wameshaambiwa na mtu kwamba nozeli zimeziba, na baadhi wameshamimina chupa mbili tatu za dawa kwenye tenki. Katika magari ya petroli yaliyojaa barabarani kwetu, yaani IST, Spacio, Probox na jamaa zao, ninachokikuta mara nyingi zaidi ni throto bodi iliyochafuka, na hiyo ni kazi ambayo mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe uani kwake kwa saa moja na nusu.

Throto bodi ni mlango wa hewa wa injini. Ukikanyaga pedali, petroli haimiminiki kutokana na mguu wako. Unachofanya ni kuomba kisahani kilichomo ndani ya mlango huo kifunguke, hewa iingie, kisha kompyuta ya gari ipime hewa hiyo na kuamua nozeli zipulize petroli kiasi gani. Gari likiwa sailensi, kisahani kinakuwa kimekaribia kufunga kabisa, na injini nzima inapumua kupitia upenyo mwembamba unaozunguka ukingo wake. Hapo ndipo utando wa masizi, hata ukiwa mwembamba, unapoleta shida. Kompyuta hufidia kwa kukifungua kisahani kidogo zaidi, na huendelea kufidia kwa miezi bila wewe kujua, mpaka siku ya baridi kali au siku unapowasha kiyoyozi, ambapo kufidia huko hakutoshi tena.

Kutokana na hilo kuna njia ya kutofautisha magonjwa mawili kabla hujashika spana. Gari linalotetemeka na kuzima likiwa limesimama, lakini likishika mwendo linakwenda vizuri, lishuku upande wa hewa, kwa sababu kisahani kikifunguka sana ule uchafu wa ukingoni haukwamishi kitu. Gari linalotulia vizuri likiwa limesimama, lakini likibebeshwa mzigo na kuanza kupanda Mlima Nyoka linakosa pumzi na kukatakata, lishuku upande wa petroli, kwa sababu hapo ndipo injini inapodai mafuta mengi na pampu au chujio likashindwa kuyaleta. Kanuni hii haitoi jibu kila mara, maana plagi na koili nazo zina namna zake za kufanya gari limisi, yaani silinda ikose kuchoma mafuta, lakini imeniokolea muda mwingi.

Lipo pia jambo moja ambalo si ugonjwa. Jiji letu liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Mtu aliyenunua gari pwani, akalipandisha mlima Kitonga na kulifikisha Mbeya, atahisi limelegea, na hakuna dawa ya chupa wala usafi utakaoirudisha nguvu hiyo. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wenye kipato kidogo wakitumia fedha nyingi kutibu mwinuko.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Wengi hulaumu vumbi, hasa wanaosafiri kwenye barabara za udongo, lakini chujio la hewa likiwa zima na limekaa sawasawa kwenye boksi lake, vumbi haliwezi kufika pale kwa wingi. Sehemu kubwa ya ule weusi ni pumzi ya injini yenyewe. Gesi kidogo hupenya pembeni ya pistoni na kuingia kwenye kreki, sehemu ya chini ya injini yenye oili, ikachanganyika na mvuke wa oili, kisha hurudishwa upande wa kuvuta hewa ili ichomwe badala ya kuchafua mazingira. Mvuke huo wa mafuta ndio unaoganda taratibu kwenye kisahani. Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi, chomoa vali ndogo ya plastiki au chuma inayopitisha gesi hiyo kwenye kifuniko cha juu cha injini, uitikise karibu na sikio. Vali nzima hulia kwa ndani, tik-tik, kama punje ya mahindi kwenye kopo. Ikiwa kimya, imeganda, na ukisafisha throto bila kuishughulikia utakuwa unarudia kazi ile ile mapema kuliko inavyopasa.

Kwa kazi yenyewe utahitaji bisibisi, spana namba 10, vitambaa safi vya pamba visivyotoa nyuzi, mswaki laini wa zamani, glavu, na kopo la dawa ya kupuliza iliyotengenezwa mahsusi kwa throto bodi. Neno mahsusi nalisisitiza. Dawa ya kabureta ni kali zaidi, na baadhi ya throto bodi zimepakwa kiwandani utando wa kijivu kilichoiva unaoziba upenyo wa kisahani kwa usahihi. Ukiufuta utando huo ukidhani ni uchafu, sailensi haitatulia tena ipasavyo, na sijui njia ya kuurudisha ukiwa nyumbani. Mswaki wa waya na msasa usivisogeze hata karibu.

Acha injini ipoe, kisha fungua terminali hasi ya betri na usubiri dakika chache. Legeza klampu ya hozi kubwa inayotoka kwenye boksi la chujio la hewa. Sensa ya kupima hewa, ambayo kwenye magari mengi ya Toyota huwa imechomekwa kwenye boksi hilo au jirani yake, chomoa soketi yake kwa utulivu na uiweke mbali, kwa kuwa waya wake wa ndani ni mwembamba na haupaswi kupulizwa dawa ya throto wala kuguswa kwa kidole. Kwa anayeanza, nashauri asiing'oe throto bodi yote. Kwenye injini kama 1NZ kuna hozi za maji ya kupozea zinazopita humo, na ukizichomoa utajiongezea kazi ya kujaza maji na kutoa hewa kwenye mfumo wa rejeta.

Ukishaondoa hozi utaona kisahani kwa mbele, na kwa kawaida uso wake wa mbele hauogopeshi. Kisukume taratibu kwa kidole ukiwa bado umefungua betri, umulike kwa tochi upande wa pili, ndipo utakapouona mwezi mwandamo mweusi kwenye ukuta wa tundu, mahali ukingo wa kisahani unapopumzikia. Ukiugusa kwa kucha ni laini kama lami iliyopata jua. Huo ndio unaolizimisha gari lako. Pulizia dawa kwenye kitambaa, usipulizie moja kwa moja ndani, kisha ufute kwa kuzungusha, ukigeuza kitambaa kila kinapochafuka, na mswaki utumie pale tu kitambaa kisipofika. Dawa nyingi ikitiririka kwenye ekseli ya kisahani huingia kwenye mota na sensa zake, na ikitulia kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenda silinda) huvutwa kwa mkupuo injini inapowashwa. Kimiminika hakibanwi kama hewa, na kikijaa kwenye silinda kinaweza kupinda konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni.

Nasisitiza jambo la betri kwa sababu ya usalama wa mkono. Kwenye magari yasiyo na waya wa pedali, kisahani kinaendeshwa na mota yenye gia za plastiki. Swichi ikiwa imewashwa, mota hiyo inaweza kukifunga ghafla na kuumiza kidole, na wewe ukikilazimisha unaweza kuvunja meno ya gia. Hakuna sababu ya kuharakisha hapa.

Ukisharudisha kila kitu na kufunga betri, washa swichi bila kuwasha injini kwa nusu dakika, kisha washa bila kukanyaga pedali. Usishtuke sailensi ikipanda hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, kwani kompyuta bado inakumbuka uchafu na inafungua mlango zaidi ya inavyohitajika sasa. Iache injini ipate joto mpaka feni ya rejeta izunguke, kisha uliendeshe gari kwa utaratibu. Toyota nyingi hujifunza zenyewe na kurudi kwenye mizunguko 650 hadi 750 au karibu na hapo. Nissan nyingi zina utaratibu wao maalumu wa kufundishwa, na nyingine haziitiki mpaka zichomekwe mashine, kwa hiyo mwenye Nissan aulize fundi kwanza kabla ya kuanza.

Upande wa petroli nitakuwa mkali zaidi. Nyumbani mtu anaweza kufanya mambo mawili: kutumia dawa ya tenki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na kulinda ubora wa mafuta anayoyanunua. Dawa nzuri ni zile zenye poliethaamini, kemikali inayolegeza ukoko kwenye nozeli. Kwa injini za D4, ambazo tunazo nyingi kwenye Noah na Voxy, nozeli hupuliza ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo petroli haigusi kabisa mgongo wa vali za hewa, na dawa ya tenki haiwezi kuzisafisha.

Dawa hizo nazo zinataka busara. Miaka ya nyuma niliweka chupa nzima kwenye tenki la mteja aliyekuwa akinunua petroli ya madumu vijijini kwa muda mrefu. Dawa ilifanya kazi yake: ilibandua utope wa miaka yote, utope ukaenda kwenye chujio, na gari likakata mafuta kwenye mlima wa njia ya Chunya, usiku, akiwa na watoto ndani. Nililipa gharama za kulivuta, na tangu siku hiyo tenki lenye historia ya madumu nalifungua na kulikagua kwanza. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuzuia uchakachuaji, lakini vinasaba havizuii maji wala kutu ya dumu. Katika miezi ya baridi pia usiliache tenki likae karibu tupu usiku kucha, kwa sababu unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone kwenye kuta zake.

Kung'oa nozeli, pampu au paipu ya petroli waachie wenye vifaa. Injini ya kawaida yenye nozeli kwenye manifoldi hubeba petroli kwa shinikizo la takribani bar 3, na hubaki na shinikizo hilo hata ikiwa imezimwa. Za D4 hufika makumi ya bar, hata kupita 100. Hata dawa ya kupulizia throto inashika moto haraka. Huku kwetu, asubuhi za Julai, ni kawaida mtu kusogeza jiko la mkaa karibu ili apashe mikono. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni kama maji na kulifuata jiko lilipo, hata likiwa hatua kadhaa kutoka kwenye gari. Liondoe jiko uani kabisa kabla hujafungua kopo, na vitambaa vilivyolowa vitandaze nje vikauke mbali na watoto.

Throto ya gari zima nahesabu kuisafisha kila kilomita 30,000 hadi 40,000, na mapema zaidi kwa injini inayokula oili. Mimi huandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya rangi juu ya boksi la chujio la hewa, ili yeyote atakayelifungua baada yangu ajue aanzie wapi.