Je, wajua mahubiri ya Origen, mwalimu wa Kanisa la kale, yalitambuliwaje ilhali hayakuwa na jina lake?

Mwaka 2012, katika Maktaba ya Jimbo la Bavaria mjini Munich, Marina Molin Pradel alikuwa akiandaa orodha mpya ya miswada ya Kigiriki. Ni kazi ya subira: fungua kitabu, hesabu kurasa, andika kilichomo, chukua kingine. Alipofika kwenye mswada namba 314, ulionakiliwa karne ya 11 au ya 12, akakuta mahubiri 29 juu ya Zaburi. Jina la Origen halikutajwa.

Si ajabu. Origen wa Aleksandria, aliyezaliwa yapata mwaka 185, aliandika kupita karibu kila mwalimu wa Kanisa la zama zake. Lakini karibu miaka 300 baada ya kifo chake, Kaisari Justinian aliyapiga marufuku mafundisho yake mwaka 543, na miaka kumi baadaye Origen akalaaniwa tena mjini Konstantinopoli. Baada ya hapo, nani angemaliza wino wake kumnakili mzushi? Maandishi yake mengi ya Kigiriki yakapotea, mengine yakabaki kwa Kilatini tu. Nadhani kukosa jina hakukuyadhuru mahubiri haya hata kidogo.

Kilichomshtua Molin Pradel ni mahubiri manne juu ya Zaburi ya 36. (Ukiitafuta katika Biblia ya Kiswahili, fungua ya 37, ile inayoanza kwa kukukataza kuwakasirikia watenda mabaya, kwa kuwa Origen alifuata hesabu ya Biblia ya Kigiriki.) Mahubiri hayo alikuwa anayajua. Rufinus, mfasiri wa kale, aliyafasiri kwa Kilatini karne nyingi kabla ya mswada huu kunakiliwa, na tafsiri yake ipo hadi leo. Ukiweka Kigiriki na Kilatini ubavu kwa ubavu, mhubiri ni yule yule.

Sawa, manne yamepata mwenyewe. Na yale 25? Mnakili angeweza kuchanganya wahubiri wawili watatu katika kitabu kimoja. Hapo ndipo Lorenzo Perrone wa Chuo Kikuu cha Bologna alipoingia. Vipande vifupi vya Origen vilikuwa vimesalia katika mikusanyo ya kale ya maelezo ya Zaburi, navyo vikaonekana ndani ya mswada. Tena Jerome, msomi wa Kanisa la kale, alikuwa ameacha orodha ya kazi za Origen, ikitaja ni mahubiri mangapi kwa zaburi ipi, na hesabu nyingi zililingana. Mwaka 2015 mahubiri yote yakachapishwa.

Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa, anasimulia kwamba Origen hakuruhusu mahubiri yake yaandikwe mpaka alipopita umri wa miaka 60. Ndipo waandishi wa hati mkato wakaketi kanisani, mzee akisema nao wakimkimbiza kwa kalamu.