Miezi minne kwenye Sa

Wanaosikia kwamba nilisomea uimbaji wa Kihindustani, muziki wa jadi wa India ya kaskazini, mjini Pune, India, huniuliza kwanza nilirudi Mombasa na nyimbo ngapi. Nikisema mwaka wa kwanza nilipata mbili, hunitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni.

Miezi minne ya mwanzo ilikwisha kwenye Sa. Sa ndiyo sauti ya nyumbani, nyingine zote hupimwa kwayo. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hata ya chai, naketi chini na tanpura begani, ala ndefu ya nyuzi za kuvuma, naiteremsha sauti mpaka pale koo linapogoma, naishikilia hadi pumzi iishe. Zoezi hilo huitwa kharaj. Tanpura yenyewe haipigi lahani: nyuzi zake 4 hurudia Pa (sauti ya tano kutoka Sa), Sa, Sa na Sa ya chini, basi. Lakini pale kila uzi unapopita juu ya daraja huwekwa kinyuzi chembamba cha pamba. Kisogeze kidogo tu, na tanpura inaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki, na ndani ya mvumo huo mna sauti ambazo hakuna aliyezipiga.

Guruji, mwalimu wangu, hakuniambia hata mara moja kwamba Sa yangu iko juu au chini. Alinyamaza, akingoja sauti yangu izame katika mvumo ule. Asubuhi moja nikawa siisikii sauti yangu kabisa, nikadhani koo limekauka. "Hapo," akasema, akaondoka kwenda kunywa chai.

Baada ya hapo ikaja raga ya kwanza, Bhupali. Raga si wimbo, wala si ngazi ya sauti tu: ni sauti fulani pamoja na namna ya kuzikalia na kuzipitia. Waliokulia kwenye taarab wafikirie maqamu, watakuwa wamekaribia. Bhupali ina sauti 5: Sa, Re, Ga, Pa, Dha. Raga Deshkar nayo ina sauti hizo hizo 5, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Ila Bhupali huimbwa usiku ukianza, na makazi yake ni Ga. Deshkar ni ya asubuhi, hukaa juu kwenye Dha na kuipitia Re upesi upesi. Ukiimba Deshkar ukajisahau, ukapumzika kwenye Ga kidogo tu, umeshahamia nyumba nyingine. Nilipomuuliza Guruji ni muda gani hasa unaruhusiwa kukaa kwenye Ga, alicheka, akaimba. Nikaimba nilivyosikia. "Phir se," akasema, yaani tena. Neno hilo nimelisikia kuliko jina langu.

Kwa hiyo sina ugomvi na vitabu, ila najua vinapoishia. V. N. Bhatkhande alizunguka India akikusanya nyimbo zilizofichwa na familia za waimbaji, akaziandika kwa noti. Vishnu Digambar Paluskar alifungua shule ya muziki, Gandharva Mahavidyalaya, mjini Lahore mwaka 1901, mtu akaweza kusoma muziki darasani badala ya kwenda kuomba apokewe nyumbani kwa mwalimu. Bila wawili hao, watu wa aina yangu tungebaki mlangoni. Lakini noti itakuonyesha Ga. Haitakuonyesha namna ya kuikaribia.

Njia niliyosomea ni gharana (ukoo wa waimbaji wenye mtindo wao) ya Kirana, ya Ustad Abdul Karim Khan. (Ustad ni ustadhi wetu huyu huyu, neno moja.) Mwanafunzi wake Sawai Gandharva aliishi Kundgol, mji mdogo wa Karnataka. Mwimbaji Gangubai Hangal alikuwa akipanda treni kutoka Hubli kumfuata huko ajifunze. Bhimsen Joshi, naye mwimbaji mashuhuri baadaye, alitoroka kwao mwaka 1933, akiwa na miaka 11, kutafuta mwalimu. Akazunguka kaskazini kote kabla ya kumpata Sawai Gandharva, aliyekuwa karibu na kwao.

Hadithi hizo ni tamu zikisimuliwa na waliofika. Nimewaona pia waliofua nguo za mwalimu miaka mitatu bila kuonjeshwa raga ya pili, na hao hawaalikwi kusimulia. Utumishi una maana pale tu mwalimu anapotoa.

Wangu alitoa, hasa jukwaani. Mwanafunzi huketi nyuma ya mwalimu akipiga tanpura. Wimbo wa polepole katika mdundo uitwao ektaal una mapigo 12, na mzunguko mmoja unaweza kuchukua karibu dakika nzima; unajaza nafasi yote hiyo kwa kubuni, kisha unarudi kwenye pigo la kwanza bila kukimbia. Usiku mmoja Guruji aligeuza kiganja kuelekea kwangu katikati ya mzunguko, akanyamaza. Niliimba vipande viwili, nikachelewa kurudi kwa nusu pigo. Mpiga tabla akaunyoosha mkono wake kidogo kunisubiri. Hadhira nadhani haikujua. Njiani kurudi hakuna aliyelitaja.

Sasa tunasoma kwa simu. Mtandao unachelewesha sauti, hivyo hatuwezi kuimba pamoja: yeye anaimba, ananyamaza, mimi najibu. Jumapili nilimwimbia Deshkar, nikajihisi niko salama kwenye Dha. Kimya. Nikadhani laini imekatika.

"Phir se."