Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni nani, na anafuata nini kwa mama aliyejifungua?

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni mkazi wa mtaa aliyepewa mafunzo ya kupita nyumba kwa nyumba kufuatilia afya za majirani zake. Si nesi wala mkunga, hazalishi. Majukumu yake ni mengi, toka kifua kikuu hadi usafi wa vyoo, ila moja naliona zito kuliko yote: kumtembelea mjamzito na mzazi.

Fikiria nyumba ya kupanga Manzese au Vingunguti, Dar es Salaam, vyumba sita, choo kimoja. Mama aliyejifungua salama mara nyingi huruhusiwa baada ya siku moja tu, akarudi chumbani kwake na kichanga. Siku zinazofuata ndizo za kuogopa. Kati ya vichanga wanne wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi, watatu hufariki katika wiki ya kwanza. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalihimiza mtoto atembelewe nyumbani siku ya kwanza na ya tatu, na ikiwezekana tena kabla wiki haijaisha.

Mhudumu akishakaribishwa, anaomba kadi ya kliniki, anatazama mtoto anavyonyonya, anatazama kitovu. Kitovu hakitakiwi kupakwa majivu wala mafuta ya kula, na bado vinapakwa. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano yenye kinga ya mtoto, kuna nyumba yanakamuliwa na kumwagwa yakidhaniwa machafu. Mtoto akilia usiku kucha, bibi anasema ni mchango, na kikombe cha dawa ya mizizi kinaandaliwa, ilhali mtoto anatakiwa maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Hapo ndipo ninapomheshimu mhudumu anayeijua kazi yake. Hamuumbui bibi mbele ya mkwewe. Anaanza na shikamoo, anampongeza kwa mjukuu, anasifia alivyomkanda mzazi, halafu ndipo anaomba kile kikombe kiwekwe pembeni.

Hatibu dalili za hatari; anazitambua na kuharakisha safari. Mtoto aliyeacha kunyonya, anayehema mbiombio, wa moto au wa baridi kupita kawaida, au aliyeshikwa na degedege, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, si wa mganga. Mama anayetoka damu nyingi, mwenye homa, au anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, naye vilevile.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa kujitolea, kwa posho ya hapa na pale, jambo ambalo halikuwa haki. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwalipa wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5.

Dar es Salaam ina ugumu wake. Wapangaji wanahama kodi ikiisha, na wajawazito wengi huenda kujifungulia kwao mkoani, kwa mama zao. Mhudumu aliyemfuatilia mtu tangu mimba changa anafika siku moja na kukuta kufuli. Kama una mimba na unahama au unasafiri, mwachie namba yako ya simu na umwambie unakokwenda. Kama humfahamu, kaulizie ofisi ya serikali ya mtaa.